Jina la Ishirini Kwenye Jiwe la Askari

Jambo zima liligharimu mifuko mitano ya saruji, toroli kumi na nne za mchanga, jogoo wawili, beberu mmoja, na uhai wa mzee mmoja. Uhai wenyewe ni ule wa kwenye karatasi. Mwili bado unatembea, na juzi nimeukuta mnadani Iguguno ukibishania bei ya viatu vya mitumba. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili mzee anaangukia upande wa vitu vilivyotumika.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaojifunza ujenzi, hasa wale mtakaoangukia upande wangu, upande wa makaburi. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, kutoka Shelui mpaka Itigi, na sasa nimestaafu, maana yake mikono imekataa kabla yangu. Si kazi ya kumfanya mtu aalikwe harusini. Ukipita na futi kamba mkononi, wagonjwa wanajifunika shuka. Ila ina faida yake kubwa: mwenye jina hajawahi kurudi kulalamika. Nilikuwa nasema hivyo kwa majivuno mpaka mwaka jana.

Kwanza mjue kazi. Nilifundishwa na Mzee Rajabu, mtu wa Singida mjini, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na biashara ya vitambaa. Ndugu zake wote walikaa dukani. Yeye akaenda kuchonga majina ya maiti, na kwenye sikukuu walikuwa wanamwekea sahani yake pembeni kidogo. Ndiye aliyenifundisha kupiga niru, ile saruji tupu laini, juu ya plasta, kisha kungoja. Unagusa kwa kidole. Kidole kikiondoka na saruji, bado. Kisipoacha alama, umechelewa. Katikati ya hapo ndipo unapoandika, kwa spoku ya baiskeli iliyofuliwa ikawa bapa. Na huku kwetu wakati wa kiangazi, upepo ule mnaoujua, ukianza saa mbili asubuhi, ikifika saa sita niru imekauka, unakwaruza mwamba. Kwa hiyo unafunika gunia bichi, unafunua mstari mmoja mmoja, kama mtu anayeficha karata.

"Saruji haina kifutio," alikuwa akisema. "Hesabu herufi mara mbili kabla hujagusa maji. Kisha anza katikati ya mstari, uende pembeni."

Mimi nikaona hayo ni maneno ya wazee. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Shelui, kaburi la dereva wa lori. Nikaanzia kushoto, herufi nene, nzuri, mwenyewe nikazipenda. Nilipofika ukingoni nilikuwa nimebakiza herufi nne. Nikafanya nini? Nikakata kona, nikazimalizia ubavuni mwa kaburi. Kaka mkubwa wa marehemu akaja kukagua. Akasoma mbele, akazunguka taratibu mpaka ubavuni, akasoma, akarudi.

"Fundi," akasema, "ni sawa. Marehemu kona alizijua."

Akanilipa nusu. Mzee Rajabu aliposikia akanirudisha kubomoa na kupiga upya, kwa saruji yangu. Tangu siku hiyo nahesabu mara mbili kila kitu, hata watoto wangu wakati wa kula.

Tulikuwa tunatoza kwa herufi. Hapo ndipo utakapowajua binadamu. Familia imechinja ng'ombe wawili kulisha waombolezaji, ikifika kwenye jina inaanza kupunguza. "Fundi, la babu yake ni la lazima?" Mjane mmoja wa Itigi aliniambia niandike "Baba" basi, kwani wanaomhusu wanamjua na wasiomhusu wasome nini. Nilimpunguzia, kwa sababu hoja ilikuwa na nguvu kuliko bei yangu.

Siku hizi mnabandika taizi, vigae vya dukani. Jina linatoka kwenye kompyuta, na picha ya marehemu, na maua ambayo Singida hayajawahi kuota. Ukikosea unachapisha lingine. Sina ugomvi nanyi. Nasema tu kwamba taizi ikibanduka, mtu anabaki hana jina, na mimi nimeyaona ya namna hiyo matatu kwenye makaburi ya barabarani. Matatu, nilirudi nikahesabu.

Sasa hilo jiwe.

Kijiji chetu kiko upande huu wa Mkalama, watu wa alizeti na mahindi. Mwaka jana kikaamua kuwakumbuka askari wake. Kamati ikakusanya majina kumi na tisa. Kumi na mmoja ni babu zetu waliochukuliwa na Mwingereza kupigana vita vyake huko Burma, wakampigania mfalme ambaye hawakuwahi kumwona na ambaye, nadhani, hakuwahi kuwaulizia. Wanane ni wa vita vya Kagera, wengi wao mgambo, waliopakiwa kwenye malori wakiwa na vumbi la shamba miguuni. Kati ya hao kumi na tisa, waliozikwa hapa kijijini ni saba tu. Waliobaki hatuna hata pa kusimama na kusema fulani yuko hapa. Kwa hiyo likaamuliwa jiwe moja, mbele ya ofisi ya kijiji, lenye kichwa kisemacho: Askari Wetu Waliotangulia. Nikaitwa nitoke kwenye kustaafu. Malipo yangu yalikuwa heshima, na heshima huwa hawaipunguzi bei, kwa kuwa hawaitoi.

Nilikosea mwenyewe, nakiri. Nilichora safu mbili, majina kumi kila upande, kwa sababu safu zilizolingana zinapendeza. Nikahesabu mistari mara mbili: ishirini. Nikahesabu majina mara mbili: kumi na tisa. Lakini sikuhesabu vyote viwili siku moja. Safu ya kwanza nikaiandika Jumatatu, ikakauka. Jumanne asubuhi nimeshapiga niru ya safu ya pili, gunia liko juu, ndipo nikaona kwamba chini kabisa kulia nitabaki na mstari mtupu.

Kamati ikaja kuutazama ule utupu kama mtu anayetazama jino lililong'oka. Mwenyekiti akapendekeza nichore ua. Mwingine akapendekeza jina la mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyesimamia. Mwalimu Elia, katibu wetu, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kukosa kuandika muhtasari wa kikao, hata cha watu wawili, alikuwa amesimama na daftari lake akisubiri uamuzi.

Hapo akatokea Mzee Mkumbo. Huyu ndiye wa mwisho aliye hai kati ya waliokwenda Kagera kutoka kijijini kwetu. Mrefu, goti la kulia halikunji, kofia haitoki kichwani ila kanisani.

"Shikamoo kaka," nikamwamkia.

"Marahaba. Huo mstari ni wangu."

Mwenyekiti akakohoa. "Mzee wetu, jiwe ni la waliotangulia. Wewe bado uko nasi, tunamshukuru Mungu."

"Nilitangulia. Nilitangulia Kagera. Wewe ulikuwa unanyonya."

"Utaandikwa, mzee. Siku yako ikifika."

"Siku yangu ikifika nani atanisomea? Nife kwanza ndipo nije nisome?"

Mimi nikatia neno la ufundi, kwamba jambo la siku yake ikifika halipo. Ukibomoa mstari mmoja wa niru ukapiga kiraka, kiraka kinakuwa na rangi yake na nyufa zake, na jina la mtu litakaa pale kama limeazimwa. Tena mimi mwenyewe mikono imekataa, na baada yangu hapa hakuna anayeandika kwenye saruji. Ni leo, kabla ya saa sita, au basi.

"Lakini kumwandika mtu hai kwenye jiwe la wafu ni kumwita," mwenyekiti akasema polepole, na huku kwetu jambo hilo hata mlokole haligusi. Mimi katika miaka yote hiyo sijawahi kuandika herufi moja ya mtu anayepumua.

Bi Agnesi alikuwa amepita njia na jembe begani, akasimama kusikiliza. Ukoo wake na ukoo wa Mkumbo ni watani. Mnajua watani walivyo msibani: wanaruhusiwa yale ambayo mwingine akiyafanya anapigwa. Wanamtukana marehemu, wanaingia kaburini kabla yake na kukataa kutoka mpaka walipwe jogoo, na wakishafanya wao, mkosi hauna pa kushika.

"Kama taabu yenu ni kwamba hajafa," Bi Agnesi akasema, akalishusha jembe, "hiyo ni kazi ndogo. Mimi namzika sasa hivi. Mkumbo, lala chini."

"Pale kwenye mchanga kuna siafu," Mkumbo akasema.

"Tangu lini maiti ikachagua kitanda?"

Akalala. Kwenye chungu yangu ya mchanga, ambayo nilikuwa nimeshaichekecha. Mikono ameinyoosha ubavuni, visigino pamoja, kijeshi kabisa, kofia tumboni. Bi Agnesi akaita shangazi zake wawili na binamu zake, wakaja mbio wakiwa wameshaanza kulia kile kilio cha utani ambacho ndani yake mtu anakula muwa. Wakamfunika mfuko wa saruji mtupu. Wakammwagia majivu. Mmoja akampima urefu kwa futi kamba yangu, akalalamika kwamba anakula ardhi ya watu.

Kisha Bi Agnesi akasoma wasifu, bila karatasi.

"Huyu mnayemwona hapa alikuwa mvivu. Alikwenda vitani kwa sababu alikuwa anadaiwa ng'ombe wa mahari, akaona Amin ana huruma kuliko wakwe zake!"

Watu wakacheka. Maiti nayo ikatikisika kidogo.

"Alikuwa mwoga. Wenzake wakilala yeye hakulala, eti analinda. Alikuwa anaogopa giza!"

Wakacheka tena.

"Na alikuwa mjinga. Kaka yangu Simeoni alipopigwa tumboni, huyu akambeba mgongoni. Siku ya kwanza akambeba. Siku ya pili akambeba. Wenzake wakamwambia mtue, huyo tayari. Akasema hamtui, bado ana joto. Joto lilikuwa lake mwenyewe! Akafika kambini na goti limepasuka, amebeba maiti tangu jana yake. Jamani, mjinga gani huyu asiyejua kwamba mzigo wake umekufa?"

Alisema vile vile kwa sauti ya utani, mkono kiunoni. Ila hapo hakucheka mtu. Miaka yote tulikuwa tunajua goti la Mkumbo liliumia kwa kuanguka kutoka kwenye lori. Mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema. Simeoni ni jina la sita safu ya kwanza. Nilikuwa nimeliandika jana yake bila kujua lolote.

Bi Agnesi akajifuta uso kwa kanga, akarudi kwenye kazi yake. "Haya. Tumezika. Jogoo wangu yuko wapi? Na wa shangazi? Na mbuzi, kwa sababu marehemu ni mrefu."

Jogoo mmoja alitoka kwa wana wa Mkumbo, maana ukoo mzima tunawaita hivyo. Wa pili nilitozwa mimi, kwa kosa la kucheka mbele ya maiti. Nilijaribu kumshusha mpaka kifaranga. Bi Agnesi akasema akishuka zaidi ya hapo atanizika na mimi. Beberu alitolewa na kamati.

Ndipo nikafunua gunia. Ilikuwa karibu saa tano na nusu. Vijana, nimeandika majina mengi, lakini hilo ndilo la kwanza kuliandika mwenye nalo akiwa amesimama begani kwangu, anadondosha mchanga, ananisahihisha.

"Tanguliza Koplo," akasema.

"Ulikuwa koplo?"

"Niliambiwa nitakuwa."

"Kaka, mstari una nafasi ya herufi kumi na nne. Nimehesabu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi acha."

Nikaanza katikati, nikaenda pembeni. Nilipomaliza akainama. Akaweka kidole karibu na herufi ya mwisho bila kuigusa, maana nilikuwa nimeshamwambia bado mbichi.

Siku ya kuzindua akaja mgeni kutoka wilayani. Akasoma majina yote ishirini kwa sauti nzuri, kisha akaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka marehemu wetu. Mzee Mkumbo akasimama na sisi, akavua kofia, akajikumbuka dakika nzima bila kutikisika. Mgeni alipokwenda kuwapa mkono wazee wa mstari wa mbele, akampa na yeye pole ya msiba.

"Tumezoea," Mkumbo akamjibu.

Ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu kama ingeishia hapo. Lakini Mwalimu Elia alikuwa ameandika muhtasari. Nimeusoma, ni kazi safi, hauna hata neno lililokatwa. Unasema: ndugu Mkumbo alizikwa saa nne asubuhi mbele ya ofisi ya kijiji, na kamati, baada ya kushuhudia mazishi, iliridhia jina lake liandikwe. Nakala ikaenda kata. Mwaka huu akaja mtendaji mpya wa kijiji, binti mwenye adabu, mchapakazi, asiye wa huku. Akakuta orodha ya wazee wanaotibiwa bila malipo, akakuta na muhtasari. Akafanya ambacho mimi ningefanya: akahesabu mara mbili, akaona amezidi mmoja, akakata.

Mkumbo anameza dawa za presha kila siku, na lile goti nalo lina dawa yake. Alipokwenda zahanati akaambiwa jina halipo. Nikaenda naye kwa mtendaji.

"Shikamoo babu," binti akasema.

"Marahaba."

"Umemwamkia marehemu," nikamwambia, "na ameitikia. Huo si ushahidi?"

Akacheka, kisha akaufungua muhtasari. Hakuwa mkaidi, niwe mkweli. Akasema atamrudisha kwenye orodha hata kesho, kamati ikiandika kwamba yuko hai. Lakini kamati ikiandika yuko hai, basi jina lake halina ruhusa ya kukaa kwenye jiwe, maana ni kamati hiyo hiyo iliyoweka sharti la waliotangulia tu, na sharti limegongwa muhuri wa kata. Hawezi kupeleka juu karatasi mbili zinazomfanya mzee mmoja awe hai ofisini na marehemu nje ya dirisha.

Tukaenda kwa Mwalimu Elia.

"Mwalimu, andika kwamba ilikuwa utani."

Akavua miwani. "Ilikuwa mazishi ya watani. Alizikwa. Nilikuwepo. Muhtasari wangu hauna uongo hata mstari mmoja."

"Lakini mtu huyu hapa!"

"Sikuandika kwamba alikufa. Soma vizuri. Niliandika kwamba alizikwa."

Bi Agnesi tulipomweleza akasema kumfufua mtu ni kazi kubwa kuliko kumzika, na kwamba safari hii atataka ng'ombe. Kisha akaingia ndani, akatoka na debe la mahindi akampa Mkumbo auze anunue dawa. Mkumbo akalikataa, wakatukanana vizuri, akalichukua.

Dawa zile zikakaribia kuisha. Sasa anameza kidonge kimoja kwa siku mbili, akikigawa kwa wembe, na anasema kwamba jeshini waligawana vitu vidogo kuliko hicho. Mguu wa goti bovu umevimba. Wiki iliyopita nilimfuata kwake nikiwa na patasi kwenye mfuko wa koti. Nikamwambia, kaka, herufi ni kumi na nne, zinatoka kwa asubuhi moja, nitapiga kiraka kizuri kadiri mikono itakavyoniruhusu, kesho yake unapata kadi ya matibabu ya bure.

Akanitazama sana.

"Kadi inasema mimi ni mzee," akasema. "Hilo hata mbuzi akiniona analijua. Jiwe ndilo linalosema nilikwenda."

Nikarudi na patasi yangu.

Kadi mpya zinagawiwa mwezi ujao; mtendaji ameniahidi kuacha nafasi moja wazi mpaka siku ya mwisho, asizidi hapo. Kubomoa ninajua. Kuacha nalo ninajua. Nisilolijua ni mambo ya ofisi, ambayo nyinyi mliokwenda shule mnayajua kuliko mimi, na wengine wenu mna ndugu wanaofanya kazi humo. Kwa hiyo nawaomba, na sitawashusha bei: ipo karatasi yoyote inayoweza kumrudisha mtu kwenye orodha ya walio hai bila kumtoa kwenye jiwe? Kama ipo, niandikieni inaitwaje na inaombwa dirisha gani. Mzee amebakiza vidonge tisa, yaani nusu kumi na nane.